Kamba Ikinyamaza

14 Aprili 1903
Wamerudi. Nilikuwa zizini nakamua, mara nikasikia ule uvumi kutoka upande wa jabali, kama watu wengi wanaongea chumba cha pili na mlango umefungwa. Hata ng'ombe aliacha kutafuna. Nilitoka na ndoo mkononi. Bahari imejaa lomvigi, ndege wetu wa jabali, migongo myeusi, vifua vyeupe, wanaelea tu na kuliangalia jabali kana kwamba hawana hakika kama ni la kwao. Kesho watapanda. Keshokutwa watakimbia tena. Hawajiamini mpaka Mei.

Baba mkwe wangu, mzee Dánjal, alitoka na soksi bila viatu, akasimama kwenye majani mabichi kofia mkononi mpaka uvumi ukatulia. Kila mwaka hufanya hivyo, na kila mwaka hupata mafua nikamuuguza mimi.

20 Aprili
Ukungu. Nimefuma soksi moja na nusu.

2 Mei
Boti ya posta imetuletea mtu na masanduku. Anaitwa Hanus, ana chumba cha kupigia picha kule mjini Tórshavn: maharusi, makasisi, watoto wasiotaka kutulia. Anasema amechoka na watu, sasa anataka kupiga picha ndege. Nimemuuliza ndege wamemkosea nini.

Atakaa kwetu kwa sababu tuna kitanda kitupu. Kitanda cha Jóan, mume wangu. Sikupenda. Baba akasema kitanda hakichoki kulaliwa, nikatandika kwa hasira mpaka mto ukapasuka mshono.

Mgeni ni mwembamba, miwani imemkalia upande, na amebeba vioo vyake vya picha kama mtu aliyebeba mayai. Mezani alikula kondoo mkavu bila kukunja uso, hilo nampa. Akatueleza anachokitafuta. Kinda la lomvigi huruka kutoka juu ya jabali kabla mabawa yake hayajajua kazi, huku baba yake anamwita kutoka baharini. Hakuna aliyewahi kulinasa jambo hilo kwenye kioo.

Nilicheka. Hapa kwetu kila mtu amelishuhudia tangu yumo kwenye nepi.

"Mimi nililiona mara moja tu, utotoni," alisema. "Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliota. Nikiwasimulia watu wa mjini wananiambia basi hata ile mara ya kwanza nilikuwa naota."

Baba akamwongezea viazi.

10 Mei
Wanaume wetu wako Aislandi kwenye merikebu za uvuvi, hawarudi mpaka vuli, kwa hiyo kamba ya jabali tunaishika wanawake, kama mwaka jana. Wanne nyuma, mimi na Billa jirani yangu mbele yao, yeye kwa sababu ana mabega, na baba analala kifudifudi kwenye mdomo wa jabali, kamba ikipita katikati ya vidole vyake.

Leo alimfundisha mgeni. Kabla ya kushuka unapeana mkono na kila aliyeshika kamba. Ukivuta mara moja, tunakushusha. Mara mbili, tunasimama. Mara tatu, tunakupandisha. Na kamba ikinyamaza baba anaanza zaburi, chinichini, taratibu kama tunavyoimba kanisani. Zaburi ikiisha na kamba bado haijasema kitu, tunavuta bila kuulizana. Jiwe halipigi hodi. Aliyepigwa kichwani hawezi kutuma habari.

Hanus aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilijua hajaelewa hata robo.

16 Mei
Ameshuka leo kwa mara ya kwanza. Mkono wake ulikuwa wa moto, sikutegemea. Alifika kwenye rafu ya mwamba anayoitaka, akaisimamisha kamera yake ya mbao, akajifunika gunia, akatulia. Ndege waliruka wote. Ili warudi, lazima awe jiwe kati ya mawe. Basi akawa jiwe. Baba akaimba zaburi mpaka mwisho, akainua mkono, tukavuta.

Alitokea ukingoni miwani imemning'inia sikio moja.

"Nimekosa nini?" aliuliza.

"Ulinyamaza," alisema baba.

"Ndiyo kazi yangu, mzee, kunyamaza."

"Na yetu ni kuvuta."

Billa alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, lakini nikaona yule bwana anafuta kioo cha kamera ambacho tayari ni safi, nikageuka nikatazama pengine.

17 Mei
Tumemvuta tena.

19 Mei
Tena. Leo alifungua mdomo apige kelele, akaufunga. Amepiga picha moja: rafu tupu na makalio ya ndege anayeondoka.

23 Mei
Nilimwuliza kwa nini asivute mara mbili, kidogo tu, tujue yu hai. Akanieleza kwamba kamba inapita mbele ya rafu. Ikicheza, ndege wote wanapanguka, na wakipanguka mayai yanabingirika baharini. Sikujua kwamba anayajali mayai. Sisi tunayala.

30 Mei
Tumeanza kuokota mayai, mikono yangu yote inanuka. Mayai ya buluu, ya kijani, yaliyochorwachorwa, hakuna mawili yanayofanana. Hanus anayashika moja moja, anayapeleka dirishani. Billa anasema tukimwachia mtu huyu atayapa majina.

6 Juni
Baba amekubali kuimba polepole zaidi. Ndilo jambo la ajabu kuliko yote niliyoyaona mwaka huu. Hanus hakumbembeleza wala kumpa kitu. Jana jioni alimwomba tu amfundishe zaburi yenyewe, wakakaa wawili kwenye benchi wakiimba, mmoja kwa sauti ya ng'ombe, mwingine kwa sauti ya mlango. Leo baba aliikokota mpaka nikadhani amelala. Kila neno alilizungusha, akalipumzisha, akalizungusha tena. Hanus akapata muda wake, akavuta mara tatu mwenyewe, akapanda anacheka.

8 Juni
Nimeona picha ikizaliwa. Amegeuza banda letu la mashua kuwa chumba cha giza, nyufa ameziziba kwa mifuko ya sufu, taa ameivisha kitambaa chekundu. Alinihitaji nimshikie beseni. Kioo kilikuwa cheupe tu ndani ya maji yake yanayonuka. Halafu palipokuwa hapana kitu pakawa na kivuli, kivuli kikawa shingo, shingo ikawa na jicho. Lomvigi mzima, amekalia yai, ananitazama kutoka chini ya maji. Rangi zimegeuka, cheusi cheupe na cheupe cheusi, kwa hiyo alikuwa ndege wa upande wa pili wa dunia.

Nilijikuta nazuia pumzi nisije nikamfukuza.

Nilidhani mtu huyu ni mvivu aliyejitafutia likizo. Nilikosea.

15 Juni
Ukungu umetukalia wiki nzima. Hakuna bahari, hakuna jabali, kuna sauti tu. Usiku hauingii giza, mchana haupati mwanga, nalala na kuamka bila kujua mpaka uko wapi. Nilimwota Jóan amekaa kwenye rafu ya mwamba kati ya ndege, amevaa ile sweta ya harusi. Sikumwita, wasije wakaruka.

24 Juni
Makinda yameanza kuanguliwa. Hanus alirudi na kinyesi begani na uso wa mtu aliyetoka kwenye ubatizo.

Kwenye chakula aliniuliza habari za Jóan. Watu wa hapa hawaniulizi, wanajua. Nikamwambia merikebu yake haikurudi vuli ya mwaka wa tisini na tisa. Yaliyobaki sikumwambia.

3 Julai
Tunakata majani. Mgongo.

7 Julai
Baba ameshikwa na kifua. Si mafua safari hii. Anapumua kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala. Ameniita, akaniambia mdomo wa jabali sasa ni wangu. Nilimwambia aache maneno ya mirathi, anywe maziwa.

Akasema, "Sijasema nakufa. Nimesema ulale pale, usikilize kamba."

11 Julai
Sasa naandika jambo ambalo silipendi.

Makinda yako tayari. Siku mbili tatu, jioni kukitulia, wataanza kuruka, na baada ya siku chache jabali litakuwa tupu mpaka Aprili. Hanus hana nafasi nyingine. Vioo vyake vyepesi, vile vinavyoweza kunasa kitu kinachokwenda mbio kwenye mwanga hafifu, vimebaki vya kutumia jioni moja. Ameniambia zaburi moja haitoshi, hata ile ya baba ya kukokota. Kinda hutembea mpaka ukingoni, likaogopa, likarudi, likatembea tena. Mtu asubiri mpaka lenyewe litakapoamua.

"Usiimbe, Malan," alisema. "Usinivute mpaka nivute mimi."

Nikamuuliza nitajuaje kama ananyamaza kwa sababu ya kinda au kwa sababu ya jiwe.

"Hutajua. Ndiyo maana nakuomba wewe, simwombi mtu mwingine."

Nimemwahidi. Nilitaka aipate ile picha. Niliitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote kwa miaka minne hii, na nilipotamka neno "naahidi" nilifurahi kama msichana. Halafu nikaenda kuteka maji, mikono ikawa baridi mpaka sasa.

12 Julai
Upepo. Hawakuruka.

13 Julai
Upepo. Nimekata majani kwa fujo, Billa kaniuliza nani amenikosea.

14 Julai
Jioni upepo ulikata ghafla. Ukungu ulilala chini kabisa, umefunika bahari, na juu yake mwanga wa manjano uliobaki, ule usioonyesha kivuli. Jabali lilikuwa linaelea. Tulipanda bila kuongea. Hanus alipeana mkono na wote wanne, na Billa, akaishia kwangu. Aliushika zaidi ya inavyotakiwa. Kisha akashuka.

Nililala mahali pa baba, kidevu kwenye majani, kamba katikati ya vidole. Ilivuta mara mbili: amefika. Baada ya hapo ikatulia.

Walianza. Chini, ndani ya ukungu, akina baba wakiita, sauti nene, ya kukoroma. Juu, makinda wakijibu kwa mluzi mwembamba, kila mmoja wake, maelfu ya mluzi, na kila baba anamjua wa kwake. Sikuwaona wakiruka. Nilisikia tu sauti moja ikishuka, ikishuka, ikaingia kwenye ukungu, halafu kule chini sauti mbili zikawa pamoja. Kisha nyingine. Kisha nyingi. Nililia kidogo, sioni aibu kuandika. Nilijua yule mtu chini yangu anaona, ameamka ndani ya ndoto yake na bado ipo.

Billa aliuliza kwa sauti ndogo, "Malan, kamba inasemaje?"

"Haisemi."

Sikuimba, nilikuwa nimeahidi. Lakini midomo yangu ilikuwa inakwenda yenyewe. Nilipoigundua, zaburi ilikuwa imefika ubeti wa mwisho. Ikaisha. Nyuma yangu nilihisi kamba ikikaza: wanawake wote walikuwa wamejiweka tayari bila kuambiwa, kwa sababu wamezaliwa hapa. Niliinua mkono kuwazuia. Subirini.

Ikaanza tena kichwani mwangu. Hapo sikuona tena jabali. Niliona dirisha la jikoni kwangu, vuli ile. Nilikaa pale nikafuma. Watu walikuja kuniambia hakuna habari, nami niliwaambia basi ni vizuri, wamejificha kwenye ghuba fulani, niliwapa kahawa. Kila Jumamosi nilianika soksi zake zisishike unyevu. Mpaka Krismasi. Mpaka Pasaka. Niliitwa mke mvumilivu, kasisi alinisifu mbele ya watu. Na wakati wote huo alikuwa ameshamalizika, alikuwa chini ya maji tangu juma la kwanza, na mimi naanika soksi.

Kamba ilikuwa imelala kwenye vidole vyangu, haina uhai wala kifo.

Nikasema, "Vuteni."

Hawakuuliza. Alikuwa mzito, na hakutoa sauti, na nilisikia mbao zikigonga mwamba njiani. Nilikuwa nimesimama, navuta nami, nikimwomba Mungu kwa maneno ambayo si ya kanisani. Likatokea gunia, kikatokea kichwa. Miwani ipo. Macho yamefunguka. Hana hata mkwaruzo.

Alipiga magoti kwenye majani, kamera kifuani, na mkononi ule mpira mdogo wa kufyatulia picha.

"Kinda alikuwa amefika ukingoni," alisema. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Alikuwa ameshainua mabawa. Nilikuwa nimebakiza kuubana tu."

Nikaanza kumfungua kamba kiunoni.

"Malan, nilikuwa hai."

"Ningejuaje?"

Alinitazama mpaka Billa akaanza kukunja kamba kwa kelele ili tu kuwe na kelele.

15 Julai
Leo hawakuruka zaidi ya wachache, na mvua ikaja. Hanus yuko bandani. Alinionyesha kioo cha mwisho, kile kilichofyatuka wakati tunamvuta. Ni mistari tu, kijivu juu ya kijivu, kama ulimi wa ng'ombe umepita. Amekiweka chini taratibu.

Jioni nilimweleza habari za soksi, zote, mpaka Pasaka. Sikumwomba radhi. Nilimwambia kesho ningevuta tena, na keshokutwa. Hakuondoka mezani mpaka mshumaa ulipoisha.

16 Julai
Baba ameamka, ameomba chakula. Swali lake la kwanza lilikuwa la jabali.

"Kamba ilinyamaza?"

"Ilinyamaza."

"Ukavuta?"

"Nilivuta. Nilichelewa, lakini nilivuta."

"Akawa mzima?"

"Mzima kabisa, baba. Ameharibikiwa picha yake."

"Basi vizuri," alisema, akageukia viazi vyake. Miaka yote ile kamba imepita mikononi mwake, na nadhani si mara nyingi amepata jibu zuri kama hilo. Nilicheka, nikasikia Hanus mlangoni naye anacheka, kicheko cha kutotaka.

18 Julai
Jabali ni tupu. Niliamka kwa sababu ya ukimya. Baba amekaa kitandani kofia mkononi.

21 Julai
Boti ya posta ilikuja asubuhi, bahari laini, haina rangi. Tulimbebea masanduku mpaka gatini, Billa na mimi. Billa alijisahaulisha shali nyumbani ghafla, akarudi kuichukua, na shali alikuwa ameivaa.

Hanus alisema anataka kurudi Aprili, watakaporudi.

Nilimwambia ukweli kabla hajajidanganya. Kamba ya kwetu haijui kusubiri. Na mimi nilijua kusubiri zamani, nimesahau, sitaki kukumbushwa. Nikamwambia pia kwamba nampenda, kwa sababu boti ilikuwa tayari na sikuona faida ya kuzunguka.

Masikio yake yalikuwa mekundu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa imepinda vilevile.

"Mwakani usiniahidi kitu," alisema. "Wewe imba. Ikiisha, vuta. Nitajifunza kuipata picha ndani ya zaburi moja."

"Na ukiikosa?"

"Nitakuwa juu, kwenye majani, na wewe."

Nilibaki nimesimama gatini na ncha ya kamba ya boti mkononi, mpaka mwenye boti akanikumbusha niiachie. Nikaiachia. Sikupunga mkono, hatuna desturi hiyo.

Nilirudi kwa njia ya juu, ile inayopita ukingoni, ingawa hakuna tena wa kumsikiliza huko. Katikati ya mlima nilijigundua naimba. Nilikuwa naimba polepole kuliko baba alivyowahi kuimba, kila neno nalivuta mpaka pumzi inaniishia, naanza lingine. Nilitaka kuona zaburi moja inaweza kurefushwa mpaka wapi. Nilipofika nyumbani nilikuwa sijamaliza ubeti wa pili.